Elimu ya Bure Ipimwe kwa Tuta Moja

Natumaini mmekwisha kutua majembe, na mwenye ng'ombe amekwisha kuwafunga. Karibuni tukae pamoja katika mazungumzo yetu. Na wewe unayeyasoma mazungumzo haya kitabuni, wasomee na wenzako kwa sauti, kwa maana yametungwa ili yasikiwe na watu wengi kwa pamoja.

Leo sitazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Nitazungumza juu ya masomo: masomo ya hesabu, ya sayansi, ya afya, ya ufundi na ya kilimo, ambayo siku hizi yametandazwa kwenye intaneti bila ada. Najua wapo watakaosema, "Hayo ni mambo ya watu wa mjini." Nawaomba mnivumilie kidogo. Nitaanzia shambani, na shambani nitamalizia.

Mwaka 2017 wakulima wa mahindi hapa Tanzania walipata mgeni asiyealikwa. Asubuhi unaingia shambani, unakuta majani yametobolewa, na katikati ya mmea, pale kwenye moyo wa mhindi, pamejaa uchafu kama unga wa mbao. Ukifunua unakuta kiwavi. Tuliwauliza wazee, wakatikisa kichwa. Walimjua kiwavijeshi wa zamani, yule anayekuja kwa makundi na kupita, lakini huyu hawakumjua. Wengi walikimbilia dukani, wakanunua dawa yoyote waliyoikuta, wakapiga mchana jua likiwa kali. Fedha zilikwisha, na kiwavi akaendelea kula, kwa sababu alikuwa amejificha ndani ambako dawa haikumfikia.

Sasa sikilizeni. Mdudu huyu, kiwavijeshi vamizi, asili yake ni bara la Amerika. Wakulima wa huko wamepigana naye miaka mingi. Katika Afrika aligunduliwa mwaka 2016 upande wa magharibi, na kufikia mwaka 2018 alikuwa amekwisha kuenea karibu nchi zote zilizo kusini ya Sahara. Nondo wake aweza kuruka hadi kilomita 100 kwa usiku mmoja. Mdudu alivuka bahari bila nauli na bila pasi, lakini maarifa ya kupigana naye yalichelewa kutufikia. Mkulima mdogo wa Amerika ya Kati alijua tangu zamani kulikagua shamba mapema, kuponda mayai kwa vidole kabla hayajaanguliwa, na kutia mchanga au majivu kwenye moyo wa mhindi. Mchanga na majivu hata sisi tunayo. Tulichokosa ni habari.

Mwaka 2018 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa kitabu cha mwongozo juu ya mdudu huyo, kwa ajili ya mashamba darasa ya Afrika. Kitabu hicho kinasomwa bila malipo na mtu yeyote mwenye simu ya intaneti. Ndani yake umeelezwa kumtambua kiwavi: ana alama ya mistari kama herufi Y iliyopinduliwa usoni, na vidoa vinne vilivyokaa kama pembe za mraba karibu na mkia. Mtu akijua hayo, hamchanganyi tena na viwavi wengine.

Basi swali langu la leo ni hili. Mdudu mwingine akija, au ugonjwa mpya ukiingia katika mihogo au migomba yetu, utakaa ungoje habari ikufikie, au utajua mahali pa kuitafuta?

MASOMO HAYA NI KITU GANI?

Mwaka 2001 chuo kikuu kimoja kikubwa cha Marekani, kiitwacho MIT, kilitangaza jambo lililowashangaza wengi. Kilisema kwamba masomo yake yatawekwa kwenye intaneti ili mtu yeyote duniani ayasome bila kulipa. Mwaka uliofuata kilianza na masomo 50. Leo yamepita 2,500, tangu hesabu na fizikia hadi uchumi na historia. Na mwaka huo huo wa 2002, UNESCO iliwakutanisha wataalamu wakalipa jina jambo hili. Kwa Kiswahili chetu twaweza kusema ni elimu huria: masomo ambayo mwenyewe ameyaachia watu wayasome, wayanakili na wagawiane.

Yapo na mengine yaliyoanza kwa udogo sana. Mwaka 2004 kijana mmoja wa Marekani, Salman Khan, alikuwa akimfundisha hesabu binamu yake aliyekuwa mji mwingine. Alimfundisha kwa simu na kompyuta. Ndugu wengine wakataka kufundishwa pia. Mwaka 2006 akaanza kurekodi masomo yake na kuyaweka kwenye intaneti, na mwaka 2008 akaunda Khan Academy, ambayo leo inafundisha mamilioni ya watoto bila ada. Angalieni jambo hili lilivyoanza: ni mtu mmoja kumsaidia binamu yake. Hata sisi desturi hiyo tunayo.

Hapa nyumbani, Taasisi ya Elimu Tanzania inayo Maktaba Mtandao. Humo vimewekwa vitabu vya kiada vya shule, na mtoto aweza kuvisoma bila kununua. Walimu nao wanao mpango uitwao TESSA, ulioanza mwaka 2005, wenye masomo ya kuwasaidia walimu wa shule za msingi Afrika, na baadhi yake yako kwa Kiswahili. Na ile kamusi elezo kubwa ya Wikipedia ina sehemu ya Kiswahili tangu mwaka 2003, inayoandikwa na watu wa kujitolea.

Mzazi mwenzangu, hebu fikiri. Mtoto wako yuko kidato cha pili. Shule ina mwalimu mmoja wa hesabu kwa madarasa mengi, au kitabu kimoja kwa wanafunzi sita. Jioni mtoto anarudi na swali lisilo na wa kumjibu. Wewe hukufika kidato hicho, na si kosa lako. Lakini akiipata simu kwa nusu saa, chini ya macho yako, aweza kusoma ukurasa ule ule ambao mwenzake wa mjini anausoma. Kwa hiyo, simu si ya muziki na salamu tu. Yaweza kuwa daftari na kitabu pia, mradi kuna mtu mzima anayeangalia.

Msinielewe vibaya. Masomo haya hayaondoi haja ya shule wala ya mwalimu. Pia mengi yake hayatoi cheti. Yale ya MIT niliyoyataja, mtu aweza kuyasoma yote akapata maarifa, lakini chuo hakimpi cheti kwa kusoma hivyo. Anayetaka cheti na ajiandikishe katika chuo. Chuo Kikuu Huria chetu kilianzishwa kwa sheria mwaka 1992 kwa ajili ya watu wanaosoma wakiwa mbali, huku wakiendelea na kazi zao. Nasema haya ili kijana asije akakaa mwaka mzima akisoma, halafu akashangaa kuambiwa hana karatasi.

KWA NINI YATOLEWE BURE?

Mkulima ni mtu wa kuuliza, na akisikia bure hushtuka. Ana haki. Basi jueni kwamba yupo aliyelipa. Mahali pengine ni serikali kwa kodi za wananchi. Mahali pengine ni chuo chenyewe au wafadhili. Somo likikwisha kutengenezwa, kulisoma mara moja au mara elfu hakumpunguzii mwenyewe kitu. Mbegu ukimpa jirani, debe lako limepungua. Maarifa ukimpa jirani, unabaki nayo yote, na pengine yeye atakuongezea.

Tena lipo jambo la ruhusa. Zamani kitabu kilikuwa na onyo: usinakili bila idhini. Mwaka 2001 lilianzishwa shirika liitwalo Creative Commons, na mwaka 2002 likatoa hati za ruhusa ambazo mwandishi aweza kuziweka kwenye kazi yake. Hati hizo husema mapema mambo ambayo msomaji ameruhusiwa. Nyingine zinakuruhusu kunakili na kugawa, lakini si kuuza. Nyingine zinakuruhusu hata kutafsiri. Ukiona alama ya herufi mbili za C ndani ya duara, msomee kijana wa shule maneno yaliyo karibu nayo akueleze. Huenda kikundi chenu kina ruhusa ya kutoa nakala kwa kijiji kizima.

KWA MKULIMA KUNA NINI?

Nitataja machache.

Liko shirika liitwalo Access Agriculture. Linakusanya video za kilimo katika lugha nyingi sana, na Kiswahili kimo. Uzuri wa video hizo ni kwamba wanaoonyesha kazi ni wakulima wenyewe, shambani mwao, na si mtaalamu mwenye koti jeupe peke yake. Ziko za kupigana na kiduha, lile gugu linalonyonya mahindi na mtama. Ziko za mboga, za kuku, za kuhifadhi nafaka na za udongo.

Liko jarida la Mkulima Mbunifu, linalotolewa hapa Tanzania kwa Kiswahili, juu ya kilimo kinachotunza udongo na mazingira. Nakala zake zasomwa pia kwenye intaneti bila malipo.

Na kwa wakulima wa mihogo iko programu ya simu iitwayo PlantVillage Nuru. Ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na watafiti wa IITA na FAO. Unaelekeza kamera ya simu kwenye jani la muhogo, nayo inakuambia kama inaona dalili za batobato, za michirizi ya kahawia, au za utitiri wa kijani. Ikishaingizwa kwenye simu, yafanya kazi hata mahali pasipo mtandao. Lakini sikilizeni vizuri hapa. Usipime jani moja ukakata shauri. Watafiti waliona kwamba ukipima majani sita ya mmea mmoja, jibu huwa la kuaminika zaidi. Tena simu haioni chini ya udongo. Michirizi ya kahawia mara nyingi huonekana kidogo tu kwenye majani, kumbe mizizi imekwisha kuoza. Hivyo ng'oa shina moja, kata muhogo, tazama kwa macho yako, halafu mwite Bwana Shamba au Bibi Shamba.

NI BURE, LAKINI NJIA INA GHARAMA

Sasa tuseme ukweli. Somo ni la bure, lakini simu si ya bure, bando si la bure, na kuchaji simu mahali pasipo umeme kunalipiwa. Video moja yaweza kumaliza bando la siku nzima. Tena simu janja ikiwamo nyumbani, mara nyingi iko mfukoni mwa baba. Mama, ambaye ndiye anayepalilia mihogo na kulisha kuku, hana nafasi ya kuishika. Somo la kuku likiingia mfukoni mwa mtu asiyelisha kuku, kuku wataendelea kufa.

Dawa ya tatizo hili tunaijua. Wazee wetu watakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Redio zilikuwa chache wakati ule. Hakuna aliyesema, "Nangoja mpaka kila nyumba iwe na redio." Watu walikaa katika vikundi, redio moja katikati, kijitabu mkononi, na kiongozi wa kikundi. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakainuka wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Watu wapatao milioni 2 walishiriki katika vikundi hivyo. Mwaka 1975 ikafuata kampeni nyingine, Chakula ni Uhai, kwa utaratibu huo huo.

Basi, ndugu zangu, badala ya redio moja, wekeni simu moja. Watu kumi au kumi na watano wakichanga kidogo kidogo, bando la somo moja kwa wiki haliwashindi. Haba na haba hujaza kibaba. Kijana mmoja mwaminifu aende mahali penye mtandao mzuri, alipakue somo mara moja na kulihifadhi. Baada ya hapo kulitazama hakuli bando tena. Aweza kuwapa wengine kwa memori kadi, au kwa Bluetooth, simu kwa simu, bila gharama. Mwenye kitochi naye asikae pembeni. Aje asikilize, atie mkono shambani, na aseme anayoyajua. Na akina mama wawe katika kikundi tangu mwanzo, tena wachague wao somo la wiki kwa zamu yao.

VITUNGUU VYANGU

Nitawaeleza kosa langu mwenyewe, ili ninyi msilirudie.

Miaka kadhaa iliyopita nilisoma somo zuri sana la kulima vitunguu. Lilikuwa na picha za kupendeza: vitunguu vikubwa kama ngumi mbili. Lilitoka nchi ya kaskazini ya mbali. Nikatafuta mbegu ya aina ile ile iliyotajwa, nikaipata kwa shida na kwa bei kubwa. Nikapanda nusu eka. Nilifuata kila neno: nafasi, mbolea, maji. Majani yakaota ya kijani, marefu, hata majirani wakaja kuangalia. Nikaanza kuhesabu magunia kabla hayajajaa. Mwezi wa kuvuna ulipofika nikang'oa shina la kwanza. Chini hapakuwa na kitunguu. Palikuwa na shingo nene tu, kama ya kitunguu maji kichanga. Nusu eka nzima ilikuwa hivyo. Fedha ile nilikuwa nimeipangia ada ya mtoto, na mwaka ule ilinibidi niuze mbuzi watatu.

Nilikosea wapi? Somo halikuwa la uongo. Mimi sikuuliza limeandikwa kwa ajili ya wapi. Kitunguu huanza kufanya tunguu kwa kufuata urefu wa mchana. Ziko aina za nchi za kaskazini zinazotaka mchana wa saa 14 au zaidi, kama ulivyo wakati wao wa joto. Huku kwetu, karibu na ikweta, mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Aina zile zikipandwa huku, zinangoja mchana mrefu ambao hautafika. Ndiyo maana sisi hupanda aina kama Mang'ola au Bombay Red, ambazo mchana wetu unazitosha. Bibi Shamba wetu alinieleza jambo hilo kwa dakika tano. Ningemwuliza kabla, mbuzi wangu wangekuwapo. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Na kama ningepanda tuta moja tu la majaribio, ningepoteza tuta moja.

Tangu siku ile, kila somo ninalolipata nalihoji maswali manne.

La kwanza: Nani anasema? Je, ni chuo, ni kituo cha utafiti, ni mkulima aliyefanya mwenyewe, au ni mtu anayeuza dawa? Muuzaji si mwongo siku zote, lakini ana lake.

La pili: Wapi? Udongo wao, mvua yao, urefu wa mchana wao. Mkulima wa Iowa, Marekani, hupanda mahindi mwezi wa Aprili na Mei kwa sababu baridi kali imekwisha. Hafuati masika. Mwezi unaotajwa katika somo lake si kalenda yako.

La tatu: Lini? Somo la miaka ishirini iliyopita laweza kutaja dawa ambayo siku hizi imepigwa marufuku, au mbegu ambayo ugonjwa umekwisha kuishinda. Tazama mwaka. Ukikosa mwaka, kuwa na shaka.

La nne: Kwa kipimo gani? Hapa wengi huumia. Masomo mengi huhesabu kwa hekta, na sisi tunahesabu kwa eka. Hekta moja ni karibu eka mbili na nusu. Somo likisema kilo 100 za mbolea kwa hekta, maana yake ni kama kilo 40 kwa eka, haujafika mfuko mmoja wa kilo 50. Ukisoma harakaharaka ukaweka kilo 100 katika eka moja, umetupa fedha na pengine umeunguza mimea.

Somo likijibu maswali yote manne, bado usilipe shamba lako lote. Lipe tuta moja, au mistari michache. Kando yake acha mistari mingine uliyolima kwa desturi yako. Pima mavuno ya pande zote mbili kwa debe lile lile, uandike katika daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Upande wa somo ukishinda msimu mmoja, ongeza eneo msimu wa pili. Ukishindwa, umepoteza tuta, lakini chakula cha watoto kipo.

TAHADHARI

Penye mavuno hapakosi ndege. Wako watu wanaojifanya kutoa masomo ya bure, kumbe wanawinda fedha. Somo la kweli la bure halikuulizi namba ya siri ya simu yako, wala halikuambii utume fedha kwanza ili ufunguliwe. Ukiona hivyo, zima. Ukiahidiwa mkopo au mbegu za ajabu ukimaliza kusoma, kawaulize watu wa ofisi ya kijiji au ya kata kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kwa watoto pia tuwe macho. Intaneti ni kama gulio: iko nguo, uko wali, na wako na wezi. Hatumzuii mtoto kwenda gulioni maisha yake yote, bali twamshika mkono. Na asome sebuleni, si chumbani peke yake usiku.

TUANZE WAPI?

Msingoje mpango mkubwa. Wiki hii kaeni watu kumi. Chagueni tatizo moja tu linalowasumbua msimu huu: kiduha, kuku kufa, mihogo kuoza, au mtoto aliyekwama katika hesabu. Mtafuteni kijana mmoja anayejua kusoma na kutumia simu, mwambieni atafute somo moja juu ya tatizo hilo, la Kiswahili kama lipo. Lisikilizeni pamoja. Lihojini maswali manne. Mwulizeni Bwana Shamba au Bibi Shamba. Kisha pimeni tuta moja la majaribio mahali ambapo kila mtu anapita na kuliona.

Tena jambo la mwisho, nalo ni kubwa. Mkipata jibu zuri, liandikeni au lirekodini. Mkulima wa Amerika ya Kati hakujua kwamba mchanga wake ungetakiwa Afrika. Nanyi hamjui nani, wapi, mwaka gani, atahitaji yale mnayoyajua juu ya mtama, juu ya migomba, juu ya kuhifadhi mbegu kwa moshi wa jikoni. Maarifa yetu nayo yana haki ya kusafiri. Tukichukua tu bila kutoa, tutabaki wanafunzi siku zote, na watakaokuja baadaye hawatakuta jina la kijiji chetu mahali popote.

Ndugu wakulima, kazi njema. Mungu akipenda tutakutana tena katika mazungumzo yajayo.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu ziko simu janja ngapi? Nani anazishika, na nani anayelima hazimfikii?

2. Ni tatizo gani moja la msimu huu ambalo tungependa kulitafutia somo?

3. Yuko miongoni mwetu aliyewahi kufuata somo au ushauri wa mbali akapata hasara? Lipi kati ya maswali manne hakuliuliza?

4. Tuta la majaribio tuliweke shamba la nani, na nani atashika daftari?

5. Ni maarifa gani ya kijiji hiki ambayo hayajaandikwa popote, na mzee gani tumwendee kwanza kabla hajatuondoka?